Sepeto Bila Mawe: Tathmini ya Huduma za Serikali kwa Waliokosa Kazi, Kisumu Hadi Nakuru

Ukitaka kujua kama mpango wa serikali wa kuajiri watu ulifaa, achana na hotuba ya uzinduzi. Nenda mtaani ulikopita, tafuta mtaro uliochimbwa, kisha ngoja mvua moja kubwa. Mtaro wa Nyalenda, mtaa wa Kisumu, ukibaki wazi baada ya masika, mpango ulikuwa na pesa za mawe. Ukijaa tope na nyasi kama hapo awali, pesa zote ziliishia kwa mshika sepeto.

Tunasema hivyo bila kumkejeli mshika sepeto. Uchumi ukianguka, kumtia pesa mkononi haraka ndiyo kazi ya kwanza ya serikali, na mengine yanafuata. Swali ni kama huduma zilizoko zinafanya hivyo, na zinaacha nini zikifungwa. Tumezipima zile ambazo mkazi wa Kisumu, Nakuru, Kakamega au Bungoma huelekezwa, au alielekezwa wakati wa korona, akipoteza kibarua: Kazi Mtaani (vibarua vya serikali mitaani), Hazina ya Hasla (mkopo wa simu), Uwezo (mkopo wa vikundi), AGPO (zabuni za serikali zilizotengewa vijana, wanawake na wenye ulemavu) na ruzuku za vijana. Mizani yetu ina maswali matatu. Shilingi ya kwanza inafika baada ya siku ngapi? Inahitaji mteja ili iwe na faida? Mpango ukiisha, kinabaki nini?

Mtihani halisi ulikuwa 2020, wakati wa korona. Kwa takwimu za KNBS, shirika la taifa la takwimu, kiwango cha ukosefu wa kazi kilikuwa asilimia 5.2 katika robo ya kwanza ya mwaka huo na kikafika asilimia 10.4 katika robo ya pili. Idadi ya walio kazini ilipungua kwa karibu milioni 1.7 ndani ya miezi mitatu. Pesa zilizotangulia kutolewa hazikwenda kwao. Aprili 2020 serikali ilishusha VAT kutoka asilimia 16 hadi 14, ikasamehe kodi ya mapato kwa anayepata hadi Sh24,000 kwa mwezi, ikateremsha kiwango cha juu cha kodi hiyo kutoka asilimia 30 hadi 25. Aliyekuwa na hati ya mshahara alisikia nafuu. Kibarua wa mjengo wa Kondele, Kisumu, au mama wa kibanda cha chakula ambaye wateja wake walikuwa wafanyakazi wa ofisi zilizofungwa, hakuwa na kodi ya kusamehewa. Viwango vikuu vya kodi vilirudishwa Januari 2021.

Kazi Mtaani

Hii ndiyo huduma inayostahili kuchambuliwa kwa urefu, kwa sababu ndiyo pekee iliyomlipa mtu ujira badala ya kumkopesha.

Awamu ya kwanza ilianza mwisho wa Aprili 2020 katika mitaa ya mabanda ya kaunti nane, Kisumu na Nakuru zikiwemo. Ya pili ilianza Julai ikaenea nchi nzima, kwa bajeti ya Sh10 bilioni na vijana zaidi ya 280,000. Masharti yalikuwa mepesi: umri wa miaka 18 hadi 35, kitambulisho, ukaazi wa mtaa husika, na laini ya simu ya kupokelea malipo. Hakuna cheti cha shule, hakuna barua ya maombi. Kwa upande huo, ilifanya vizuri kuliko mpango wowote uliotangulia. Mtu aliyeachishwa kazi Machi aliweza kuwa na fyekeo mkononi Mei.

Sasa tazama hesabu. Awamu ya pili ililipa Sh455 kwa siku (msimamizi Sh505), kwa siku 11 za mwezi, zamu kwa zamu ili wengi wapate. Siku 11 mara Sh455 ni Sh5,005. Zidisha kwa vijana 280,000, unapata karibu Sh1.4 bilioni kwa mwezi. Bajeti ya Sh10 bilioni inakwisha kwa miezi saba hivi, hata kabla ya kununua toroli moja. Ndiyo maana kazi yenyewe ilikuwa kufyeka, kufagia, kuzoa taka na kuzibua mitaro. Hakukuwa na fungu la saruji, kokoto wala makalvati ya kutosha kubadilisha sura ya mtaa.

Wengi walilalamikia ujira kwamba ni mdogo, na ulikuwa mdogo. Awamu ya kwanza ililipa takribani Sh650 kwa siku. Lakini kuna sababu ya kutolipa zaidi ya vibarua vya kawaida: ukilipa zaidi, aliye na kazi anaiacha na kuja kupanga foleni, na asiyejulikana na mtu ndiye anayesukumwa nje. Ujira wa chini huchuja wenyewe. Sisi kosa hatulioni hapo. Tunaliona kwenye siku 11 zisizokuwa na ratiba ya malipo ya kuaminika. Mtu anayekopa unga dukani kwa ahadi ya Ijumaa hawezi kula ahadi ya Ijumaa tatu baadaye, na malipo yakichelewa mwenye duka naye hukosa mtaji wa kujaza rafu. Faida yote ya kupeleka pesa mitaani, kwamba zinazunguka katika masoko ya Kibuye na Wakulima kabla ya wiki kwisha, inategemea siku ya malipo.

Malipo hukwama wapi? Mara nyingi ni katika vitu vidogo. Laini imesajiliwa kwa jina la mjomba, na kitambulisho ni cha mpwa, mfumo unakataa. Tarakimu moja ya kitambulisho imeandikwa vibaya kwenye daftari la mahudhurio. Msimamizi anaandika mahudhurio kwenye karatasi, karatasi inakusanywa kwa chifu, inaingizwa kwenye kompyuta na mtu mwingine wiki inayofuata; kila mkono unaongeza siku na makosa. Dawa yake si teknolojia ya ajabu. Jina, kitambulisho na laini vikaguliwe pamoja siku ya kuandikishwa, mbele ya mwenyewe, kwa kumtumia shilingi moja ya majaribio. Isipofika, tatizo linajulikana kabla hajashika jembe.

Uandikishaji kupitia chifu na wazee wa mtaa una sura mbili. Mzee wa mtaa wa Obunga anajua nani kweli hana kitu. Hakuna kompyuta inayojua hivyo. Anajua pia binamu zake. Nafasi zikiwa chache kuliko waombaji, njia safi ni kura ya hadharani: vikaratasi ndani ya ndoo, uwanjani, mchana, majina yakisomwa na kubandikwa ukutani siku hiyohiyo. Orodha ya ukutani ndiyo mkaguzi wa bei rahisi zaidi, maana jirani ndiye anayejua kama jina fulani ni la mtu aliyehamia Nairobi miaka miwili iliyopita. Kazi Kwa Vijana, mpango uliozinduliwa 2009, ulitikiswa na maswali ya matumizi ya pesa hadi Benki ya Dunia ikakatiza ufadhili wake wa mpango huo 2011. Majina hewa hayaanzi kwa mkurugenzi wala kwa waziri. Huanzia kwenye daftari ambalo hakuna mtu wa mtaani anayeruhusiwa kulisoma.

Na kikomo cha miaka 35? Hapo tunakosa la kusema. Fundi mwashi wa miaka 42 mwenye watoto wanne, aliyesimamishwa mjengo Milimani, ana njaa ileile. Mdororo hauulizi tarehe ya kuzaliwa.

Turudi kwenye mtaro, maana ndipo mambo yanapoharibika kwa namna inayoweza kurekebishwa. Kibarua mzima huchimba takribani mita 3 za ujazo za udongo wa kawaida kwa siku. Mtaro wenye upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 50 una mita 0.3 za ujazo kwa kila mita ya urefu, kwa hiyo mtu mmoja anaweza kupewa kipande cha mita 10. Watu 40 wanachimba mita 400 kwa siku, kilomita 2 kwa wiki ya siku tano. Kulipa kwa kipande, yaani mtu akimaliza ngwe yake aende nyumbani, huleta kazi zaidi kuliko kumfunga hadi saa kumi akiegemea mpini. Lakini vipande visiwe sawa kila mahali. Udongo mweusi wa Nyalenda na tambarare za Kano hunata kwenye sepeto ukilowa na hupasuka kama tofali ukikauka. Huko mita 6 au 7 ni haki. Nakuru, upande wa Kaptembwo na Rhonda, udongo wa majivu ya volkano huchimbika upesi sana lakini kingo hubomoka. Mtaro wenye kuta zilizosimama wima hautamaliza wiki. Kingo lazima zilale. Tena Nakuru ina nyufa za ardhini zinazojulikana: ukielekeza maji ya mtaro ndani ya ufa, umeufungua zaidi.

Makosa matatu hujirudia. La kwanza, udongo uliochimbwa hurundikwa ukingoni kabisa, na mvua ya kwanza huurudisha ulikotoka. Uwekwe angalau nusu mita kutoka ukingo, au ubebwe. La pili, mtaro huchimbwa kwa macho. Mtaa tambarare kama Nyalenda unahitaji uzi na pimamaji, mteremko wa angalau sentimita 1 kwa kila mita, na kazi ianzie chini maji yanakoishia ikipanda juu. Wengi huanzia juu, karibu na barabara ambako wageni wataona, na maji yanakusanyika katikati ya mtaa kwa mtu asiye na uwezo wa kulalamika. La tatu ni mawe. Kuusakafu mtaro huo kwa mawe unene wa sentimita 15 kunataka karibu mita 0.24 za ujazo kwa kila mita ya urefu, kwa hiyo lori moja la tani 7 halifiki mbali: mita 18 hivi, labda 20. Hiyo ndiyo gharama iliyokosekana kwenye bajeti.

India iliwahi kulitatua hili kwa kanuni. Sheria yake ya 2005 ya kuhakikishia familia za vijijini siku 100 za kazi kwa mwaka iliruhusu hadi asilimia 40 ya gharama itumike kwa vifaa, angalau asilimia 60 ikiwa ujira. Sheria hiyohiyo iliweka kwamba ujira ulipwe ndani ya siku 15, na mwombaji asiyepewa kazi ndani ya siku 15 astahili posho. Utekelezaji wake ulikuwa na kasoro nyingi, hasa ucheleweshaji, lakini angalau mfanyakazi alikuwa na tarehe ya kumshika nayo afisa. Hapa kwetu tarehe ilikuwa matumaini tu.

Tena si kwamba Kenya haijui kazi hii. Mpango wa barabara za mashambani ulioanza 1974 ulijenga barabara kwa mikono na zana ndogo, wenyeji wakilipwa kwa kipande, na baadaye ukaja Roads 2000. Kisii kuna kampasi ya chuo cha barabara na majengo cha serikali, KIHBT, ambako wasimamizi hufundishwa ujenzi wa barabara kwa nguvu kazi. Maarifa yako umbali wa mwendo wa matatu kutoka Kisumu. Awamu ya 2020 ingehitaji msimamizi mmoja aliyefunzwa kwa kila vibarua 20 au 25, na fungu la theluthi moja kwa mawe na kalvati. Watu wangepungua, ndiyo. Kwa bajeti ileile ya Sh10 bilioni, kutoa theluthi kwa vifaa kungeacha takribani watu 190,000 badala ya 280,000 kwa miezi hiyohiyo. Huo ndio uamuzi mgumu ambao kila serikali hukutana nao, na hatuwalaumu waliochagua watu wengi zaidi mwezi wa Julai 2020. Tunalaumu kwamba hesabu haikuwekwa wazi.

Wakati nao haukuchaguliwa vizuri, ingawa maradhi hayangoji kalenda. Mitaro huchimbwa Januari hadi katikati ya Machi. Awamu ya kwanza ilianza masika yakiwa yamepamba moto na Ziwa Victoria likipanda kufikia viwango ambavyo havijaonekana kwa miongo. Kilichochimbwa wiki moja kilifukiwa wiki iliyofuata.

Nyota tatu kati ya tano. Mbili ni za kasi ya kuanza, moja ni ya kutodai karatasi.

Hazina ya Hasla

Kama huduma ya mkopo mdogo, ni nzuri kuliko wasemavyo wapinzani wake. Ilizinduliwa 30 Novemba 2022. Unabonyeza *254#, unakubali masharti, unaweka nambari ya siri, na pesa zinaingia kabla hujafunga simu. Kikomo ni Sh500 hadi Sh50,000 kulingana na alama zako. Riba ni asilimia 8 kwa mwaka, ikihesabiwa kwa siku. Mkopo wa Sh1,000 kwa siku 14 unazaa riba ya takribani Sh3. Hakuna shailoki wala programu ya simu inayokaribia hapo. Asilimia 5 hukatwa papo hapo kuwa akiba, kwa hiyo ukiomba Sh1,000 utapokea Sh950. Wengi hudhani wameibiwa, kumbe ni akiba, sehemu kubwa ya uzeeni. Usipolipa kwa siku 14 riba hupanda hadi asilimia 9.5 na alama zako huanza kuporomoka.

Shida ni kuiita dawa ya ukosefu wa kazi. Mkopo humsaidia mtu ambaye ana wateja ila hana mtaji. Wakati wa mdororo mambo yamegeuka: mtaji ungepatikana, mteja ndiye hayupo. Mama mboga wa Kondele akikopa aongeze nyanya wakati majirani wake wamepunguziwa kazi, nyanya zitaoza na deni litabaki bichi. Wala siku 14 hazilingani na biashara yoyote zaidi ya kununua asubuhi na kuuza jioni. Fundi wa jua kali anayenunua bati la kutengeneza jiko leo, akauze sokoni Jumamosi, alipwe nusu na nusu nyingine mwisho wa mwezi, tayari amechelewa. Na anayeanza kwa kikomo cha Sh500 hawezi kununua hata kreti moja ya nyanya.

Mkopo wa kikundi, uliokuja Juni 2023, unafaa zaidi: asilimia 7 kwa mwaka na muda wa miezi sita. Ukiwa na chama kilichosajiliwa na kinachokutana kweli, anzia huko.

Nyota nne kama mkopo, moja kama jibu la mdororo.

Uwezo

Mfuko huu wa 2013 hauna shamrashamra na pengine ndiyo sababu unasahaulika. Kikundi cha vijana, wanawake au watu wenye ulemavu hukopa Sh50,000 hadi Sh500,000 bila riba. Kuna ada ya usimamizi ya asilimia 3 tu, ambayo kwa Sh100,000 ni Sh3,000. Miezi sita ya kwanza hulipi kitu, halafu una hadi miaka miwili. Kwa mfugaji wa kuku wa Vihiga au kikundi cha kuoka mkate cha Njoro, miezi hiyo sita ndiyo thamani yenyewe, kwa kuwa kifaranga hakitagi wiki ya pili.

Kinachowakwaza watu: kikundi lazima kiwe kimesajiliwa kwa angalau miezi sita. Waliokutana baada ya kufutwa kazi hawahitimu. Kwa hiyo mfuko huu unawafaa waliojipanga kabla ya dhoruba, na kasi yake hutegemea kamati ya eneo bunge. Kuna maeneo bunge ambako fomu hujibiwa ndani ya robo mwaka, na mengine ambako fomu hugeuka kumbukumbu za kale.

AGPO

Kwenye karatasi hii ndiyo huduma bora kuliko zote. Asilimia 30 ya manunuzi ya serikali imetengewa kampuni za vijana, wanawake na wenye ulemavu, ambazo angalau asilimia 70 ya umiliki ni wao. Serikali haikukopeshi, inanunua kwako. Yaani inakuletea mteja, kile hasa kinachokosekana wakati wa mdororo. Kujisajili ni bure: jina la biashara kupitia eCitizen, PIN ya KRA, cheti cha kutii kodi, akaunti ya benki, kisha ombi kwenye tovuti ya AGPO. Cheti hudumu miaka miwili.

Tatizo ni kulipwa. Chukua mfano wa zabuni ya sare na madawati ya Sh200,000, faida ikiwa Sh30,000. Unakopa Sh170,000 kwa asilimia 5 kwa mwezi, unalipa Sh8,500 kila mwezi. Mwezi wa nne ukifika bila hundi, faida yote imeliwa na riba, Sh34,000, na sasa unaifanyia serikali kazi kwa pesa zako. Madeni ya wazabuni ambayo kaunti na wizara hazijalipa ni kilio cha kila mwaka wa bajeti, na hujaa hasa wakati mapato ya kodi yanaposhuka. Hapo ndipo mdororo unapougeuza mpango huu kinyume: serikali inayopaswa kumwaga pesa inazishikilia, na anayebanwa ni yuleyule aliyetengewa asilimia 30. Kama kuna hatua moja ambayo kaunti ya Kisumu au Nakuru inaweza kuchukua bila sheria mpya wala mfadhili, ni kulipa madeni madogo kwanza, chini ya Sh500,000, siku mapato yanapoingia. Pesa hizo hurudi mtaani wiki hiyohiyo.

Mpaka hapo, ushauri kwa mwenye cheti: usipeleke mali bila LPO (agizo rasmi la ununuzi) iliyosainiwa, hifadhi hati ya kupokelewa kwa mali yenye muhuri na tarehe, peleka ankara siku hiyohiyo, na uchague zabuni ambazo msambazaji wako yuko tayari kukukopesha mali badala ya wewe kukopa pesa. Karibu na mwisho wa Juni ndipo ofisi hukimbizana kufunga mwaka wa fedha. Ankara iliyoingia Mei ina nafasi kuliko ya Juni 28.

Nyota mbili, na tatu siku ukilipwa.

Ruzuku za vijana

KYEOP, mradi wa serikali wa ajira na fursa kwa vijana, ilitoa mafunzo na ruzuku ya Sh40,000 kwa vijana wa miaka 18 hadi 29 katika kaunti teule, Kisumu, Nakuru, Kakamega na Bungoma zikiwemo. Mrithi wake, NYOTA, hutoa Sh50,000 kwa mafungu mawili ya Sh25,000. Kutoka kila fungu Sh3,000 huenda kwenye akiba ya NSSF na Sh22,000 kwenye pochi ya biashara. Ruzuku hairudishwi, kwa hiyo nyanya zikioza hakuna deni. Kugawa kwa mafungu ni busara, maana fungu la kwanza huonyesha nani alianza kweli. Ila nafasi ni 70 kwa kila wadi. Hiyo ni mbegu ya biashara chache, si jibu kwa wadi ambayo vijana wake wanaotafuta kazi ni maelfu.

Usiyoomba, ni haki yako

Watu hukimbilia mipango hii wakisahau pesa walizoacha kwa mwajiri. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema anayepunguzwa kwa sababu ya hali ya biashara apewe notisi ya mwezi mmoja au mshahara wake, siku za likizo ambazo hakuzitumia zilipwe, na juu yake mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliomaliza. Mfanyakazi wa miaka 6 kwa mshahara wa Sh18,000, ukigawa kwa siku 30, ana Sh600 kwa siku. Siku 90 ni Sh54,000. Hiyo ni zaidi ya miezi kumi ya Kazi Mtaani. Zinapotelea kwenye karatasi mbili: barua ya kujiuzulu ambayo mtu huambiwa asaini "ili faili ikae sawa", na likizo bila malipo isiyo na tarehe ya mwisho. Usisaini ya kwanza. Ya pili, dai tarehe iandikwe. Ofisi ya leba ya kaunti hupokea malalamiko bila ada.

Kisichokuwepo kabisa ni kitu cha kumzuia mwajiri asifike huko. Machi 2020 soko la maua la Uholanzi lilipoanguka, mashamba ya Naivasha yaliwarudisha watu nyumbani kwa makundi. Ujerumani ina Kurzarbeit: kampuni hupunguza saa badala ya watu, na mfuko wa bima hulipa asilimia 60 ya mshahara halisi uliopotea, 67 kwa mwenye mtoto. Aprili 2020 takribani watu milioni 6 walikuwa chini yake. Kenya haina mfuko wa namna hiyo, na hauwezi kuundwa katikati ya moto. Huchangiwa miaka mizuri. Lakini kwa sekta kama maua, ambako orodha ya mishahara ipo, NSSF ina rekodi na mnunuzi atarudi baada ya miezi michache, ungekuwa nafuu kuliko kumwajiri mchuma waridi kufagia barabara ya Naivasha mjini.

Kazi iliyosimama kwa muda na iliyokufa kabisa: ndiyo tofauti ambayo mipango yetu haiitazami. Maua yalirudi. Kiwanda cha karatasi cha Webuye, kilichofungwa 2009, na kile cha sukari cha Mumias, kilichowekwa 2019 chini ya mrasimu (msimamizi wa kampuni iliyoshindwa na madeni), si mambo ya kungojea upepo ubadilike. Kumpa mkulima wa miwa wa Mumias siku 11 za kufyeka ni huduma ya kwanza kwa mtu aliyevunjika mguu. Anahitaji pia kiwanda kinacholipa miwa kwa wakati.

Ukisikia uandikishaji mpya umetangazwa

Fomu haiuzwi. Anayedai Sh200 ya "kukuweka juu ya orodha" hana orodha. Hakikisha laini imesajiliwa kwa jina lako: bonyeza *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kitambulisho kilichopotea kifuatilie sasa kwenye kituo cha Huduma, kabla ya tangazo, kwa kuwa foleni ya siku ya tangazo huzunguka jengo. Andika siku zako za kazi kwenye daftari lako mwenyewe, pamoja na jina la msimamizi, na umwombe atie sahihi kila Ijumaa. Malipo yakipungua, daftari hilo ndilo litakalowekwa kando ya lile la chifu.